Taa Yawaka, Gurudumu Halizunguki

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tulifundishwa tungali shule ya msingi, tukaikariri, tukaiandikia insha, na sasa baadhi yetu tunaifundisha. Hata hivyo, yeyote aliyeishi kwenye uwanda wa Kinangop, chini ya safu ya milima ya Nyandarua, anajua kwamba mawingu yanaweza kutanda tangu alfajiri hadi magharibi pasi na tone kuanguka, na kwamba siku nyingine mvua hupiga ilhali jua linawaka. Dalili ni dalili tu. Baina yake na jambo lenyewe pana kazi ya kupima, na kazi hiyo ndiyo niliyokusudia kuizungumzia katika makala haya. Nitaizungumzia kwa kutumia chombo ambacho si mgeni wa kawaida katika kurasa za jarida la Kiswahili, yaani pikapu kuukuu yenye uwezo wa kwenda kwa magurudumu yote manne, ambayo ilikataa kuutumia uwezo huo wakati riziki ya nyumba yetu ilipoutegemea zaidi.

Pikapu na Mitungi ya Maziwa

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1993, yenye injini ya dizeli ya lita 2.8. Imenizidi umri kwa miaka minne. Marehemu baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaipa kazi moja: kupita kwa majirani kila alfajiri, kuzoa maziwa yao na kuyafikisha kwenye kituo cha kupozea kabla jua halijapanda. Baba alipofariki mwaka 2019, kaka yangu alishika usukani na mama akashika daftari la hesabu. Karo yangu ya shahada ya kwanza ilitoka kwenye mitungi hiyo, na sehemu ya karo ya shahada ya uzamili inatoka huko huko.

Msomaji asiyewahi kuishi na ng'ombe wa maziwa huenda asitambue uzito wa saa moja. Maziwa yaliyokamwa hayasubiri. Kwenye mlango wa kituo yanapimwa kwa laktomita ili kujua kama yametiwa maji, kisha yanachanganywa na kiasi kidogo cha alkoholi ili kujua kama yameanza kuharibika. Yakikatika ndani ya kikombe cha kupimia, mtungi mzima unakataliwa. Maziwa hayo yatakuwa yameharibikia mikononi mwa msafirishaji, na mkulima aliyeyakama kwa jasho lake atataka alipwe na msafirishaji huyo. Kwa ufupi, pikapu ikikwama kwa muda wa saa mbili, sisi ndio tunaolipa.

Masika ya mwaka 2024 hayasahauliki nchini Kenya. Mvua zile zile zilizoleta maafa ya Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili ziligeuza njia zetu za vijijini kuwa uji mweusi. Pikapu ilikwama mara tatu katika wiki mbili. Kila mara kaka alifanya kama alivyofundishwa na baba: alishuka, akazungusha vishikizo vya habu za mbele kutoka alama ya FREE hadi LOCK, akarudi ndani, akavuta gia ndogo hadi H4. Taa ya fowili iliwaka kwenye dashibodi kama kawaida. Hata hivyo, alipokanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yalizunguka na kurusha tope hadi kwenye mitungi, na ya mbele yakatulia kama mawe ya mafiga.

Gari lilipelekwa kwenye gereji moja mjini. Huko liliendeshwa mara moja kuzunguka ua, likasikilizwa, na hukumu ikatolewa: transfa imekufa, inafaa kununuliwa nyingine. Bei iliyotajwa ililingana na bei ya mitamba wawili. Mama hakulalamika. Alinipigia simu nikiwa chuoni, akaniambia kwamba mnunuzi wa mitamba angefika Jumamosi. Nilimwuliza swali moja tu: je, waliotoa hukumu hiyo waliingia chini ya gari? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana. Hata kanzu zao hazikuchafuka." Ijumaa nilipanda matatu nikaenda nyumbani.

Mnyororo wa Nguvu

Kabla ya kumtambulisha mtu aliyetuokoa, ni muhimu nieleze jinsi nguvu inavyosafiri ndani ya gari la aina hii, maana bila kuijua safari hiyo, kutafuta hitilafu ni sawa na kupapasa gizani.

Nguvu huzaliwa kwenye injini, ikapita kwenye klachi na kuingia kwenye giaboksi. Nyuma ya giaboksi pana sanduku jingine la gia, ambalo mafundi huliita transfa. Kazi ya transfa ni kugawa nguvu. Dereva akiiacha gia ndogo kwenye H2, nguvu yote hupelekwa nyuma. Akiitia H4, meno ya ndani huunganisha njia ya mbele na ya nyuma, zote mbili zikazunguka pamoja kwa kasi ile ile. Akiitia L4, njia hizo hubaki zimeungana, ila mwendo hupunguzwa na nguvu ya kuvuta kuongezwa. Kutoka kwenye transfa, propela ya mbele hubeba nguvu hadi kwenye difu ya mbele. Difu huigawia shafti mbili, moja ya kulia na nyingine ya kushoto. Na kila shafti hukomea kwenye habu, katikati ya gurudumu.

Habu ndiyo pingili ya mwisho ya mnyororo huu, nayo ndiyo ndogo kuliko zote. Ikiwa kwenye FREE, gurudumu huzunguka peke yake na shafti hutulia, jambo linaloepusha uchakavu usio wa lazima gari likiwa kwenye barabara nzuri. Ikiwa kwenye LOCK, pete yenye meno husogezwa ndani na kufunga shafti na gurudumu kuwa kitu kimoja. Kwa hivyo, ili gurudumu la mbele livute, ni lazima transfa iungane, propela iwe nzima, difu iwe nzima, shafti isiwe imevunjika, na habu ishike. Kuna pingili tano katika mnyororo huo, na gereji ile ilikuwa imeilaumu iliyo ghali kuliko zote.

Je, ile taa ya dashibodi? Taa hiyo huwashwa na swichi iliyo kwenye transfa. Inachojua ni kwamba kitu fulani kimesogea ndani ya sanduku. Haijui lolote kuhusu propela, difu, shafti wala habu. Inatangaza azma ya dereva, haitangazi kitendo cha gurudumu. Kaka alikuwa ameiamini kwa miaka, na si kosa lake, kwani kwenye gari zima hilo ndilo jambo pekee linalomwambia dereva kuwa mambo ni sawa.

Kupima Pingili kwa Pingili

Mzee aliyekuja Jumamosi asubuhi tunamwita Fundi tu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Alijifunza kazi Changamwe, Mombasa, akiwa kijana, akaoa mke wa Kinangop na kuhamia huko. Kiswahili chake hakijapotea. Bado kina chumvi ya bahari. Alikuja na jeki, magogo mawili, kisanduku cha spana na gunia la kulalia. Mnunuzi wa mitamba naye alikuwa amewahi, akapewa kiti na chai.

Fundi hakuiwasha injini. Aliomba gari lisimamishwe mahali tambarare, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha akalala juu ya gunia. Habu zilikuwa FREE na gia ndogo ilikuwa H2. Aliishika propela ya mbele kwa mkono mmoja, akaizungusha. Ilizunguka kwa wepesi, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa haikuwa imeungana na chochote kinachoizuia.

"Mwalimu," aliniita, maana tangu niingie chuo kikuu hajaniita kwa jina, "hebu tia H4."

Nilivuta gia. Ilisita. Fundi aliizungusha propela kidogo ili meno yakutane, nayo gia ikaingia. Kisha akajaribu tena kuizungusha. Mara hii propela ilikataa. Ilicheza upana wa kucha, ikagota. Aliivuta kwa mikono miwili, ikagota vile vile. Sababu ni dhahiri kwa anayeujua mnyororo: ndani ya H4, propela ya mbele imefungwa pamoja na ya nyuma, na ya nyuma imefungwa kwenye magurudumu yaliyokanyaga ardhi na kuzuiliwa na mawe. Isingeweza kugota iwapo transfa haikuwa imeunganisha.

Aliuliza swali moja zaidi kabla ya kutoka chini ya gari. Alitaka kujua kama, gari linapovuta kwenye tope, gia ndogo huwahi kuruka yenyewe ikarudi H2, au taa ikazimika ghafla. Kaka alisema hajawahi kuona hivyo. Lengo la swali hilo lilikuwa kuziba mwanya uliobaki, maana transfa iliyochakaa huweza kushika gari likiwa limesimama na kuachia likibebeshwa mzigo. Baada ya jibu hilo, Fundi alimgeukia mama. "Mama, transfa yako nzima. Ng'ombe wako wasile nyasi za mtu mwingine bado."

Kipimo hicho kilichukua muda usiozidi dakika kumi, na hakuna hata nati moja iliyofunguliwa.

Kipimo cha pili kilihitaji jeki. Sehemu ya mbele iliinuliwa hadi magurudumu yote mawili yakawa hewani, magogo yakawekwa chini ya ekseli, kwa kuwa mtu mwenye akili halali chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gia ndogo ilibaki H4, habu zote mbili zikatiwa LOCK. Hapa pana jambo ambalo nalipenda sana katika hesabu za difu. Propela ikiwa imezuiliwa isizunguke, ukizungusha gurudumu la kulia kwenda mbele, la kushoto halina budi kuzunguka kwenda nyuma. Hilo ndilo umbile la difu: mmoja akienda, mwenzake hurudi. Ikiwa gurudumu moja litazunguka bila mwenzake kujibu, basi kuna mahali mnyororo umekatika.

Fundi alizungusha la kulia. Lilizunguka kwa uzito fulani, na mlio mdogo wa meno ulisikika kutoka kwenye difu. La kushoto halikutikisika. Akahamia upande wa pili, akazungusha la kushoto. Lilizunguka kwa wepesi kabisa, kama gurudumu la baiskeli, na hapakuwa na kitu kingine kilichosogea wala kulia.

Hapo watazamaji walianza kutoa fatwa zao. Mmoja alisema ni shafti. Mwingine alisema ni difu. Fundi hakumjibu yeyote. Alichukua spana ya 10, akafungua bolti sita ndogo za kifuniko cha habu ya kushoto, akakiweka kando juu ya kitambaa. Katikati ya tundu lililobaki palionekana ncha ya shafti. Aliniambia nirudi kuzungusha gurudumu la kulia, naye akaweka uso wake karibu na habu ya kushoto.

"Njoo uone," alisema, akampa kaka zamu ya kuzungusha.

Niliinama. Ncha ya shafti ilikuwa ikizunguka ndani ya gurudumu lililotulia tuli. Kwa mtazamo huo mmoja, pingili zote zilizobaki ziliondolewa lawama. Difu ilikuwa nzima, kwani ilikuwa imepokea mwendo kutoka kulia na kuupitisha kushoto. Shafti ya kulia ilikuwa nzima na ya kushoto pia, maana mwendo ulikuwa umefika hadi nchani. Habu ya kulia ilikuwa imeshika, la sivyo gurudumu la kulia lisingeweza kuanzisha mwendo huo. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu ulipopotelea, napo palikuwa na upana usiozidi kiganja cha mkono.

Kifuniko kilipogeuzwa, sababu ilijionyesha. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama sabuni, imechanganyika na maji ya tope na kutu. Ile pete yenye meno ilikuwa imekwama mahali pa FREE. Kishikizo cha nje kiliweza kuzungushwa hadi LOCK bila shida, kwa sababu baina yake na pete pana springi. Springi ilibanwa, ikasukuma, ikashindwa, na pete haikuondoka mahali pake. Aliyekuwa nje aliona alama ya LOCK na kuridhika. Gasketi ya kifuniko ilikuwa imeraruka, na kwa kuwa nchini mwetu tunaendesha upande wa kushoto, gurudumu hilo ndilo linalopita karibu na mitaro na kuoga kwenye madimbwi kila siku.

Kwa Nini Mmoja Aliwazuia Wawili

Mnunuzi wa mitamba, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameisahau chai yake, aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Kama habu ya kulia ilikuwa inashika, mbona gurudumu la kulia halikuvuta kwenye tope? Si tungepata angalau nusu ya msaada?

Jibu limo katika difu. Difu ya kawaida haina macho ya kuona ni gurudumu lipi lenye ardhi imara. Huzigawia pande zote mbili nguvu iliyo sawa ya kuzungusha. Upande mmoja ukiwa hauna upinzani wowote, nguvu inayoweza kupelekwa huko ni karibu na sufuri, na upande wa pili nao hupata kiasi hicho hicho. Kwa sababu shafti ya kushoto ilikuwa inazunguka bure ndani ya habu isiyoshika, mwendo wote ulikimbilia huko, na gurudumu la kulia, ingawa lilikuwa limefungwa barabara, halikupata cha kusukumia. Ndiyo maana habu moja iliyokwama huonekana, kwa dereva aliye ndani, kama kufa kwa mfumo mzima wa mbele. Ndiyo maana vilevile ni rahisi sana kuilaumu transfa.

Habu ilioshwa kwa dizeli, kutu ikasuguliwa, pete ikasogezwa mbele na nyuma hadi ikateleza. Fundi alipaka grisi kidogo mno, nikadhani amesahau nyingine. Alieleza kwamba grisi nyingi ndani ya habu ni adui, kwani ikizidi huwa nzito na kuizuia pete kuteleza, hasa asubuhi za baridi kama za Kinangop. Alikata gasketi mpya kutoka kwenye karatasi ngumu ya kazi hiyo, akarudisha kifuniko kishikizo kikiwa FREE, akakaza bolti sita kwa zamu. Kisha, kabla hajashusha jeki, alirudia kipimo kile kile cha mwanzo. Gurudumu la kulia lilikwenda mbele na la kushoto likarudi nyuma. Mama alipiga makofi mara moja, akaingia jikoni.

Ugonjwa Usio Ugonjwa

Hadithi ingeishia hapo, lakini siku iliyofuata kaka alipiga simu kwa sauti ya msiba. Alikuwa ameliendesha gari likiwa H4 kwenye njia ya changarawe iliyokauka, akaendelea hivyo hivyo hadi kwenye lami. Usukani ulikuwa mzito, gari lilikuwa likijizuia kwenye kona, na gia ndogo ilikataa kabisa kurudi H2. "Wale wa mjini walisema kweli," alisema. "Transfa imekwisha."

Fundi hakuinuka hata kwenye kigoda. Alimwambia arudishe gari nyuma polepole hatua kumi, moja kwa moja, kisha ajaribu gia. Tulimsikia kaka kwenye simu akirudi nyuma, kisha tukasikia mlio wa chuma na kicheko.

Gari la aina hii halina difu kati ya mbele na nyuma. Likiwa H4, propela mbili zinalazimika kuzunguka sawa. Lakini gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, tofauti hiyo humalizwa na utelezi. Kwenye lami kavu hakuna utelezi, kwa hiyo tofauti hujikusanya ndani ya vyuma, vyuma vikajisokota na kuyabana meno ya transfa yasiweze kuachana. Kurudi nyuma hufungua msokoto huo. Jambo lililotushtua, kwa hakika, lilikuwa ushahidi kwamba magurudumu ya mbele sasa yanavuta.

Palikuwa na sababu nyingine iliyozidisha msokoto. Matairi ya mbele yalikuwa mapya na ya nyuma yalikuwa yameliwa. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Tairi lenye mzingo wa mita 2.4 huzunguka takriban mara 417 katika kilomita moja. Likipungua sentimita moja ya unene wa kashata zake, mzingo hupungua kwa zaidi ya sentimita 6, nalo litalazimika kuzunguka takriban mara 428. Hiyo ni tofauti ya mizunguko 11 kwa kila kilomita, hata bila kukata kona yoyote, baina ya propela mbili zilizofungwa zisitofautiane. Tangu siku hiyo matairi ya pikapu yetu hununuliwa kwa saizi moja na kubadilishana nafasi kabla hayajatofautiana mno.

Nimeona tukio hili la pili linafunza kama la kwanza. La kwanza lilikuwa hitilafu iliyofichwa na dalili ya uzima, yaani taa. La pili lilikuwa uzima uliovaa vazi la hitilafu. Katika yote mawili, aliyekimbilia hukumu angelipa gharama ya transfa.

Vitenzi vya Fundi

Sitaki kumpotezea wakati mwanafunzi wa Kiswahili kwa habari za gereji bila kumpa kitu cha kubeba. Siku ile nilikuwa na daftari, na jioni nilipolipitia niligundua jambo. Nomino za Fundi zilikuwa za mkopo takriban zote: transfa, propela, difu, shafti, habu, gasketi. Ungesikia nomino hizo tu, ungesema kwamba Kiswahili hakina lake katika kazi hiyo. Lakini utambuzi wenyewe, yaani ile kazi ya kutenganisha hitilafu moja na nyingine, ulifanywa na vitenzi, na vitenzi vyake vilikuwa vyetu. Habu *hushika* au *haishiki*. Gia iliyoingia kisha ikatoka yenyewe *inaruka*. Meno yaliyochakaa *yanateleza*. Vyuma vilivyojisokota *vinakaba*. Difu yenye upungufu wa oili *inalia*. Kiungo cha shafti kilichochakaa *kinagonga* gari linapokata kona. Propela iliyo sawa *hugota*, iliyolegea *hucheza*. Kila kitenzi kina mpaka wake, na Fundi hakikosei. Nilipomwambia kwamba gari "limeharibika fowili," alinitazama kwa huruma. "Haishiki, au inashika inaachia, au inakaba? Hayo ni magonjwa matatu, mwanangu."

Mijadala yetu ya istilahi aghalabu hujishughulisha na nomino: kifaa hiki tukiiteje, kile tukitafsirije. Ni kazi ya lazima, na siidharau. Hata hivyo, nadhani tumeviacha nje vitenzi ambavyo mafundi, washonaji, wavuvi na wapishi wamekuwa wakivinoa kwa miaka mingi bila kamati. Kitenzi kama *kukaba*, kikitumiwa kwa maana hii, kinamweleza dereva asiyesoma fizikia jambo ambalo mimi nimelitumilia aya nzima.

Kwa wenzangu wa fasihi nina neno moja la ziada. Mara ngapi tumekaa katika semina, mwenzetu akasoma pendekezo lake la utafiti, na kabla hajafika ukurasa wa tatu riwaya nzima ikawa imekwisha kuhukumiwa kwa jina la nadharia? Mhusika mmoja mwanamke amenyamaza katika sura ya pili, taa imewaka, nasi tunatangaza kuwa matini nzima inamnyamazisha mwanamke. Huenda ni kweli. Lakini kimya hicho kinaweza kuwa cha hofu, cha hila, cha heshima au cha dharau, na kila kimoja kina mahali pake katika mnyororo wa hadithi. Kipo kipimo cha kila kimoja: nani anazungumza kabla na baada yake, nani anakielewa vibaya, na kinamgharimu nani. Msimamizi wangu hupenda kuuliza, "Hilo umelisoma wapi katika matini?" Awali nililichukulia kuwa swali la mtihani. Siku hizi ninapoliandikia jibu, huikumbuka ncha ya shafti ikizunguka ndani ya gurudumu lililotulia.

Mitamba wale hawakuuzwa. Mmoja amekwisha kuzaa, na maziwa yake yamo kwenye mitungi ya kila alfajiri. Mama amejifunza kuzungusha habu mwenyewe na haridhiki na alama ya LOCK. Mara moja kwa mwezi humwamuru kaka ainue gari, kisha husimama upande wa kushoto kungoja gurudumu lijibu. Mimi nimeanza orodha ya vitenzi vya gereji, na kufikia sasa nina 63. Wanachama watakaokwenda nyumbani likizoni, hasa wale wa Gikomba, Kisumu na Changamwe, naomba wapite kwenye gereji za kwao wakiwa na daftari, waketi, wasikilize, na waniletee vya kwao.